Ukoo Mzima Umeifungua Makala Yangu, Shangazi Bado Anapima Dawa kwa Kijiko

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, iwe kwa furaha au kwa aibu, maana vyote viwili vimenijaa kifuani. Mimi ni mfamasia wa wodi ya watoto, na mwaka huu makala yangu ya kwanza ya utafiti imechapishwa kwenye jarida la kitabibu, inahusu wazazi wanaopima dawa ya maji kwa vijiko vya jikoni na kuwazidishia watoto dozi bila kujua, lakini mwanzoni kihesabio cha jarida mtandaoni kilionyesha imefunguliwa na watu wa kuhesabika, nikaona nimetwanga maji kwenye kinu, mara ghafla, mshauri, ikapaa! Kila nikitazama imepanda, ikawapita maprofesa, mkuu wa idara akanikumbatia kwenye korido mbele ya wagonjwa akasema, "Ijumaa utawaeleza wakurugenzi umewafikiaje wasomaji wote hao!" na kuna nafasi ya kuongoza kitengo kipya cha kusambaza tafiti, nafasi ninayoitamani mpaka naiota.

Basi nikaenda kwa shangazi kumpasha habari, nikamkuta amempakata mjukuu mwenye homa, akanipokea kwa vigelegele, "Hiyo kazi ni yetu! Niliitupa linki kwenye grupu la ukoo, kila mtu anaifungua asubuhi na jioni, asiyefungua namtaja jina!" Nikamuuliza, "Na umeisoma, shangazi?" Akacheka, "Kile Kiingereza cha madaktari nikisome kwa macho gani, mwanangu?" na huku anacheka anamiminia mtoto dawa ya homa kwenye kijiko kikubwa cha mezani, kibomba cha plastiki cha kupimia kilichokuja na dawa kimelala ndani ya boksi hakijaguswa, nikamdaka mkono. Sasa anataka kuipeleka kwenye grupu la wapangaji wenzake, wenzangu kazini wananiita Nyota, nikisema ukweli nafasi imekwenda na shangazi ataumia, nikinyamaza nitalalaje? Nifanye nini?

Mfamasia Anayetetemeka

MSHAURI ANAJIBU

Mfamasia, hongera, halafu kaa chini upumue. Umeandika jambo lenye maana, na una shangazi ambaye wengine tungemlilia. Lakini nikukaripie kidogo: wewe unayewakataza watu kupimia dawa chochote kilicho karibu, mbona umejipimia wasomaji kwa kihesabio kisichojua nani amesoma? Kweli mganga hajigangi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Ijumaa. Kwa hiyo leo hii, usingoje kesho, mwambie mkuu wa idara kwamba hesabu ile imepandishwa na ukoo wako kwa mapenzi. Atanuna. Mwache anune. Akimaliza, mwonyeshe kitu ambacho maprofesa uliowapita hawana: ukoo mzima unaofungua simu asubuhi na jioni kwa amri ya mtu mmoja! Wenzako wanaitafuta njia hiyo usiku na mchana, na wewe unayo, imekaa sebuleni kwa shangazi yako. Kilichokosekana ni kitu cha kupitisha humo.

Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wenye picha ya kibomba. Mpe shangazi ausome kwa sauti, mrekodi, kisha autume yeye; wewe watakusikiliza kwa adabu, yeye watamtii. Kabla ya hapo waombe kila mmoja atume picha ya anachopimia dawa nyumbani, na baada ya mwezi waombe tena. Ijumaa waeleze wakurugenzi mpango huo; tofauti ya picha hizo ndiyo utakayowapelekea baadaye, hata ikiwa ndogo. Na tafadhali, shangazi usimwaibishe kwa lolote. Mwambie amepandishwa cheo.

Nafasi unaweza kuikosa, sikudanganyi. Lakini siku mjukuu atakapopata homa tena na wewe uko mbali, kisha shangazi afungue boksi lile na kukitoa kibomba mwenyewe, siku hiyo ruka, piga kelele, na uanze hesabu upya: msomaji wa kwanza.