Niliwalisha Sukari

Chumba Na. 14,
Nyumba ya Wafanyakazi wa Maabara,
S.L.P. 318.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na wale mapacha wangu, bado wanagombania kiatu kimoja wakati viatu viko vinne? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwenye simu mimi na wewe tumekuwa hodari mno wa kusema hatujambo.

Nina ombi, lakini nianze na la kazini, kwa sababu ndilo lililonifumbua macho.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita nilipokuja likizo, nikachota taka kwenye lile lundo la mabua nyuma ya banda? Baba alinichimbia mwenyewe huku akinicheka, "Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kubeba uozo?" Uozo huo ndio ulionipa kula mpaka leo. Ndani yake mna vijidudu wasioonekana kwa macho. Hawana mdomo wala meno, kwa hiyo hutoa vimeng'enya, vitu vya kukatia chakula kikiwa bado nje ya miili yao. Bua gumu ambalo hata ng'ombe huliacha, vimeng'enya hulikata taratibu mpaka likawa sukari, nao vijidudu wakaifyonza. Daktari, mkuu wetu wa maabara, anavitaka vimeng'enya hivyo ili sukari ya mabua igeuzwe spiriti ya kuendeshea magari.

Kazi yangu ilikuwa kuwalea. Kila wiki mbili nawahamishia kwenye chupa mpya yenye maji, chumvichumvi na mabua yaliyosagwa, basi. Wakati wa kupima tunatia dawa ya njano na kuchemsha. Ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari imetoka, vimeng'enya viko kazini.

Sasa sikia ujinga wa mdogo wako. Jumapili watu wote huenda kwao. Mimi huja maabara, kwa sababu chumbani sina wa kusemeshana naye. Jirani yangu wa ukuta wa pili namjua kwa kikohozi tu; siku akipona nitadhani amehama. Mlinzi wa getini ndiye pekee anayenisalimu, na salamu yake ni "Bado upo tu?" Basi nikawa nawaamkia vijidudu. Usicheke. Niliwaona wanakua kwa shida, siku nenda siku rudi maji ya chupa yako vilevile, nikawaonea huruma. Nikawatilia sukari, ncha ya kijiko. Kesho yake maji yamekuwa mazito kama uji mwepesi, chupa imechangamka. Nilifurahi kama mama mwenye nyumba iliyojaa. Nikaendelea hivyo miezi minane bila kumwambia mtu, na hata akiba ya vijidudu wa mwanzo iliyokuwa kwenye jokofu nikaitupa, nikaweka hao walionenepa.

Mwezi uliopita Daktari alitaka kupima. Tukatia dawa, ikabaki njano. Tukarudia, njano. Kumbe anayepewa sukari hahangaiki tena kutoa vimeng'enya, na wapenda sukari walizaana wakawafunika wakata mabua mpaka wakaisha. Chupa imejaa uhai, lakini hamna hata mmoja wa kuliweza bua. Aliponiuliza nilisema ukweli. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukusema kwamba uko peke yako hivyo?" Nikalia mbele ya mkuu wangu, Kaka, machozi na makamasi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, mjukuu nimeshampata.

Nilipotulia nikaona kuwa barua zangu zote kwako ni sukari hiyohiyo. Nilikuandikia kwamba nina marafiki, kwamba Jumapili tunatembea, kwamba nimenenepa. Uongo mtupu. Nakula nimesimama kando ya jiko, na kuna wiki ambazo tangu Ijumaa sauti yangu mwenyewe siisikii mpaka Jumatatu. Nina upweke, Kaka. Nimechoka kuuficha.

Na wewe pia unanilisha. Mwezi jana uliponipa Baba kwenye simu, aliniambia kwa adabu kabisa, "Samahani mama, unamtafuta nani?" Ukamnyang'anya simu, ukasema mzee anatania. Ukacheka, nami nikacheka, tukaagana. Lakini Baba hajanisemesha kwa adabu hata siku moja tangu nizaliwe; kwake mimi ni Kijiti, basi. Tangu siku hiyo kila ukiandika "Baba hajambo, anakusalimu," naisoma sentensi hiyo mara kumi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sitaki habari za Baba nije kuzikuta msibani.

Daktari amenipa ruhusa ya wiki tatu nije nichukue uozo mwingine. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Ombi langu ni hili: kabla sijapanda basi, niandikie hali ya Baba ilivyo, bila kuipamba. Anakula mwenyewe? Usiku analala? Ananitaja? Kama hanitaji, andika hanitaji. Sitakukasirikia. Najua mzigo umeubeba peke yako, na najua ulinyamaza ili nisiumie huku ugenini.

Nisalimie Wifi, mwambie habari za kunenepa asiziamini, aweke chungu kikubwa. Wabusu mapacha. Shangazi wa bakora mpe shikamoo yangu, ila usimkaribie sana. Mungu akupe nguvu za mikono na usingizi wa usiku mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Na Baba msalimie kila siku mpaka nifike. Akiuliza anayemsalimu ni nani, mwambie ni binti yake. Kesho yake akisahau, mwambie tena, Kaka, usichoke. Nikifika tutapokezana.

Mdogo wako akupendaye, leo bila sukari,
Kijiti