Siku tuliyofuta sauti ya Mama Eliza

Jumatano. Tangu asubuhi mawingu yamelala upande wa ziwa Kindai na hayataki kuondoka. Moyo wangu mzima. Magoti ndiyo yanalalamika.

Shule sikuiona, kwa hiyo naongea na simu nayo inaandika. Mjukuu wangu Neema ananiwekea nukta tu. Nimemkataza kunilainishia maneno.

Neema ana studio ya kurekodi hapa Singida Mjini. Seva yake, yaani kompyuta inayotunza kazi zake zote, iko sebuleni kwangu. Humo zimo nyimbo za kwaya yetu ya akina mama, na zile nzuri kuliko zote anaongoza Mama Eliza. Tangu apasuliwe koo, amebaki kunong'ona. Hatuwezi kurekodi tena.

Kilichomo humo ndicho kilichopo.

Leo Neema alikuwa anahamisha kila kitu kutoka mfumo mmoja wa kutunza mafaili kwenda mwingine. Nyimbo ni zile zile, kinachobadilika ni namna diski inavyozipanga na kuzilinda. Kwenye mfumo wa zamani faili likioza huambiwi, unagundua siku unalitaka. Huu mpya unajikagua wenyewe, na ukiupa diski mbili, nakala iliyooza inaponywa kwa ile nzima. Nikasema sawa, hamisha.

Kunakili kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya kukaanza, Neema akatoka kufuata waya dukani. Radi ikapiga.

Mimi radi ikipiga nachomoa. Televisheni, friji, chaja, vyote. Mtaa mzima ulikuwa unachomoa. Nikachomoa na seva.

Neema alirudi amelowa, akatazama ukutani.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimeiokoa. Ulitaka iungue?"

"Ilikuwa katikati ya kunakili!"

"Ungeniambia kabla hujatoka. Radi haiji na barua."

Akakaa chini akalia. Nikamfuta maji kichwani kwa kanga yangu, nikamwambia alie upesi tuendelee na kazi.

Nilikosea? Kidogo.

Mvua ilipokatika tukawasha. Diski ya zamani ilikuwa salama, maana ilikuwa inasomwa tu. Nakala mpya ilikuwa imeishia njiani. Neema akaiendeleza, kisha akaiamuru mashine ilinganishe faili kwa faili, la zamani na jipya. Yakalingana yote.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe ili diski ya zamani iingie kwenye mfumo mpya iwe ya pili, lazima kwanza ifutwe kabisa. Maana yake kwa muda fulani Mama Eliza atakuwa mahali pamoja tu. Neema kidole kiko kwenye kitufe, hakibonyezi.

"Bibi, amua wewe."

Nikakataa. Sauti si yangu. Nikampigia mwenyewe.

Mama Eliza alifika anahema. Neema akampa shikamoo na macho yake mekundu, akamwekea wimbo kutoka diski mpya. Aliusikiliza wote, midomo inaufuata. Ulipoisha nikamweleza bila kuzunguka: tukifuta ya zamani, halafu hii ikaharibika kabla nakala ya pili haijakamilika, ndiyo basi, hatutakusikia tena.

Akanivuta shingo hadi sikio langu likagusa mdomo wake.

"Bibi Neema, mimi nimepasuliwa koo. Diski ndiyo itanitisha? Futeni."

Neema akabonyeza.

Mimi niliangalia pembeni, nakiri.

Jioni hii nakala ya pili inaendelea kujengwa, taa ndogo inapepesa. Mama Eliza amegoma kwenda kwake mpaka imalize. Alikula ugali wangu, akalalamikia mlenda wangu, na sasa amelala kwenye kochi anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Huko daktari hakugusa.

Neema naye nimemfukuza akapumzike. Nimebaki mimi na taa. Ikikamilika, wa kwanza kuamshwa ni Mama Eliza. Habari ni yake.