Miguu ya Reddick

Jumapili, 15 Septemba

Tumefungwa tena. Pittsburgh 27, sisi 9. Reddick, mrushaji wetu, karusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani. Ule wa tatu hata mimi niliuona unakwenda pabaya kabla haujamtoka mkononi.

Chet alivuka ua saa saba kasorobo, na soseji za dada yake kwenye sufuria. Jirani yangu kwa miaka ishirini na sita, na kila Jumapili tunatazama mechi ya mpira wa Kimarekani hapa kwetu. Leo kiti cha Delphine kilikuwa na makoti. Sijui nani aliyeyaweka. Pengine mimi. Chet alipokwenda msalani niliyahamishia kwenye ngazi.

Chet anasema kijana ana mkono wa maajabu na akili ya kuku. Wampeleke benchi, waanze na yule mzee. Nikamwambia ana miaka ishirini na mbili tu. Akasema kwa umri huo yeye alikuwa anachomelea vyuma kiwandani na hakuwahi kumchomelea mwenzake kidole.

Leo wiki tano tangu Delphine, mke wangu, afariki.

Jumatatu, 16 Septemba

Redio ya jikoni. Kipindi cha Dombeck, kama kila siku saa sita mchana. Simu zote ni za Reddick. Mmoja anataka auzwe. Mwingine anataka auzwe na kocha wake. Gazeti la asubuhi nalo limemwita kosa lenye jezi safi.

Kisha Dombeck akacheka, akasema: "Na yuko wapi Delphine wa Mtaa wa Lagrange? Mama wa polka kaingia mitini. Mechi mbili, hajapiga simu. Delphine, mama, deni ni deni. Sikukuu ya Shukrani ya Novemba hiyo inakuja."

Nilikuwa naosha kikombe. Nikakiosha tena.

Hajui. Atajuaje? Tangazo la kifo lilitoka kwa jina la ukoo, Pawlak, na kwenye redio alikuwa Delphine tu. Kila Jumatatu ya msimu uliopita alipiga kumtetea kijana. Wote walikuwa wanabishana juu ya mkono wa Reddick. Yeye alisema tatizo ni miguu. Januari akamwekea Dombeck ahadi hewani — mpe hadi Sikukuu ya Shukrani. Miguu yake isipokaa sawa, nitakuja hapo studio nicheze dansi ya polka mbele yenu mniseme mnavyotaka. Ikikaa sawa, wewe Dombeck utakuja ukumbi wa parokia ucheze na mimi. Dombeck akakubali. Watu walicheka wiki nzima.

Sasa wanadhani amekimbia. Delphine! Mwanamke ambaye hakukimbia hata ule moto wa jikoni mwaka 1988, aliufunika kwa sufuria akaendelea kukata vitunguu.

Jumatano, 18 Septemba

Binti yangu Annette kapiga kutoka Columbus. Nilimweleza. Alikasirika, akasema, Baba, piga simu leo hii uwaambie wanamcheka marehemu. Nikasema nitaona.

Sitaki kumwaibisha Dombeck mbele ya mji mzima. Hakusema kwa ubaya. Delphine alimpenda. Alisema Dombeck ana sauti ya mtu anayekula peke yake.

Lakini pia sitaki Delphine abaki ameingia mitini. Nataka mtu mmoja aseme hewani kwamba alikuwa sahihi. Iwapo alikuwa sahihi. Sijui bado. Miaka yote nilikuwa natazama mpira, yeye anatazama miguu.

Jumapili, 29 Septemba

Kushindwa tena, kwa pointi tatu tu. Chet hakumaliza chakula.

Nimekumbuka taulo. Wanaporudia tukio kwa karibu, Delphine alikuwa akisimama mbele ya televisheni na kuishikilia taulo ya jikoni kwenye nusu ya juu ya kioo, tusione mkono wala uso. "Tazama miguu, Norb. Anasimama kama mtu anayesubiri basi." Alicheza polka ukumbi wa parokia kwa miaka arobaini, na mimi alinifundisha kwa shida. Alisema mguu ukishalala chini, kiuno hakijui kinageukia wapi, na mkono unabaki kubahatisha. Alisema hayo kwa Dombeck pia. Dombeck akamuuliza kama kocha atahitaji kinanda.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilitoa ile taulo, yenye jogoo wa bluu. Chet akauliza kama nimemwaga kitu. Nikasimama nikaishikilia kwenye marudio.

Sikuona kitu mara ya kwanza. Mara ya nne nikaona. Mabeki wanamjia na miguu yake haisimami! Vihatua vidogo, vya haraka, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Halafu mguu wa kushoto ukafunguka kuelekea anakorusha, kwanza mguu, kisha nyonga, mkono mwisho kabisa. Mpira ukafika.

Tumeshinda. Chet anasema Detroit walikuwa wagonjwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepiga simu. Najuta.

Sijawahi kupiga maishani. Aliyekuwa anapiga ni yeye. Msichana wa studio aliuliza jina na nilipo, nikasema Norbert, Mtaa wa Lagrange. Akasema subiri. Nikasubiri dakika kumi na tisa, nimesimama. Dombeck akasema, haya, Norbert, karibu. Nikafungua mdomo — na sauti yangu ikatoka kwenye redio nyuma yangu, imechelewa, kama ya mtu mwingine, nikamsikia huyo mtu akisema "mke wangu" na mimi nikasema tena "mke wangu", na vyote vikaanza kupiga filimbi. Dombeck akasema, mzee, zima redio yako kwanza, halafu utueleze huyo mkeo kakufanya nini. Watu wakacheka studio. Akaenda kwa simu nyingine.

Mimi! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Miaka kumi na moja. Simu yetu ni ya ukutani, waya wake unafika mezani tu, na redio iko upande wa dirishani. Zamu yake ikifika Delphine alikuwa akinitazama na kushusha kiganja taratibu, kama anayemlaza mtoto, na mimi napunguza sauti. Kazi moja tu.

Tangu Agosti sijaizima redio hiyo mchana. Nyumba inakuwa kimya mno.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa, kahawa ukumbini. Mabishano makali kuliko ya sinodi. Mechi nne, ushindi mara tatu. Upande mmoja wanasema kijana kakua. Upande wa pili wanasema ni ratiba rahisi, ngoja theluji ije. Walter, ambaye mpwa wake hukata nyasi kwenye uwanja wa mazoezi, alisema kuna kona moja nyasi hazioti tena. Imekuwa kipara, duara kama meza hii. Kila siku wenzake wakishaoga Reddick hurudi pale na kamba ya kuruka, kisha anahesabu hatua bila mpira. Saa nzima. Hakuna mwandishi aliyewahi kwenda kumtazama.

Mpwa amepanda mbegu mara mbili. Sasa ameacha.

Nilirudi nyumbani nikifikiria kile kipara. Delphine alikuwa na chake, mbele ya sinki la dirishani — linoleamu ya sakafu imelika mahali pawili, ukubwa wa miguu yake. Alikuwa akicheza huku anaosha vyombo.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji imekuja. Reddick tachidauni tatu, pasi zote za kufunga, hakuna mpira uliopotea.

Robo ya tatu wakarudia tukio na mimi nilikuwa nimekaa. Chet, bila kugeuka: "Taulo iko wapi?"

Nikasema iko jikoni. Akaenda mwenyewe. Akaishikilia yeye, ingawa ana yabisi. Akiwa anavaa koti alisema, Delphine alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na macho pia.

Kwa Chet hiyo ni hotuba.

Jumanne, 12 Novemba

Mwandishi yule yule wa "kosa lenye jezi safi" leo ameandika kwamba siku zote alijua kijana ana kipaji. Siku zote!

Walimwonyesha Reddick akiulizwa kama maneno ya magazeti yalimuumiza. Alifikiri kwanza. Napenda anavyofikiri kwanza. Alisema yalimuumiza mama yake zaidi, kwa sababu yeye huyakata na kuyatunza. Wakacheka. Wakamuuliza nini kimebadilika. Akasema, "Nilikuwa nasimama nangoja kuona. Sasa miguu inatangulia, macho yanafuata."

Nilirudia maneno hayo kwa sauti, jikoni. Hayako mbali kabisa na alivyosema Delphine.

Viatu vyake vya polka bado viko mlangoni. Nimevipangusa vumbi tu.

Jumapili, 24 Novemba

Nitaandika polepole nisisahau.

Cincinnati. Sekunde arobaini na moja zimebaki, tuko nyuma kwa pointi nne. Yadi thelathini kufika mstari wa kufunga. Mtu wa kumlinda upande wa kushoto akaanguka, na yule beki mkubwa wao akapita wazi, hakuna wa kumzuia. Mwaka jana Reddick angerudi nyuma na kurusha huku anaanguka. Leo alipiga hatua mbili fupi pembeni — hop, hop, naapa — beki akapita karibu naye akakumbatia hewa. Na miguu haikulala. Mguu wa kushoto ukafunguka. Nikaona kabla ya mkono. Nikasema "sasa" na mkono wake ulikuwa bado uko sikioni.

Mara ya kwanza maishani nilijua mpira utafika kabla haujarushwa. Ukafika, tukashinda.

Chet alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaniambia, "Kamwambie." Nikauliza nani. Akasema, "Wote wawili. Kesho asubuhi nitakupeleka makaburini. Dombeck utampigia mwenyewe."

Jumatatu, 25 Novemba

Makaburini asubuhi. Chet alibaki garini, injini inawaka. Nilimwambia Delphine matokeo. Nilimwambia hop, hop.

Saa sita Dombeck akaanza kipindi bila muziki. Alisema: "Wiki kumi nimekuwa nikimcheka mtu, na leo nimekuja kulipa. Delphine wa Mtaa wa Lagrange, ulisema miguu. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na saba na sikuiona. Jumamosi hii ukumbi wa parokia, nitavaa tai. Ila nipigie kwanza, mama. Mtu hachezi polka peke yake."

Niliketi chini, hapo mbele ya sinki.

Basi limeshasemwa. Alikuwa sahihi, na mji mzima umesikia. Nilidhani nikilisikia hilo nitatulia. Sasa ni vigumu zaidi. Anamngoja. Mtu mzima na tai yake atakwenda kusimama mlangoni pa ukumbi, anamngoja Delphine.

Sikupiga. Jioni Annette akasema, basi nitapiga mimi, Baba. Nikasema hapana. Nipe hadi Jumatano, ndicho kipindi cha mwisho kabla ya sikukuu.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeandika nyuma ya bahasha nitakayosema.

Mimi ni mume wa Delphine. Alifariki tarehe 11 Agosti. Hakukimbia. Alikuwa anakupenda. Asante kwa uliyosema.

Nimefuta "Hakukimbia". Itamchoma. Atajua mwenyewe.

Kisha nikaongeza: Mimi si mchezaji wa polka, lakini alinifundisha. Nikafuta. Nikaandika tena.

Jumatano, 27 Novemba

Saa sita na robo. Niko kwenye simu. Wa tatu kwenye foleni. Nimekaa mezani, naandika ili mkono upate kazi.

Msichana wa studio aliuliza jina. Nikasema Norbert Pawlak, mume wa Delphine. Akapiga kelele ya furaha, akafunika simu, nikamsikia akimwambia mtu, ni wao, ni wao! Akarudi akauliza kama yuko karibu nimpe simu. Nikasema nitazungumza mimi. Akasema sawa mzee, Dombeck atafurahi sana, usikate. Sikuweza kumwambia. Alikuwa anacheka.

Ningeizima redio mapema, najua. Nilijaribu asubuhi. Nilihesabu hadi hamsini nikaiwasha.

Kwa hiyo nimemwita Chet. Kaja na viatu vyenye theluji, hakuuliza. Amesimama dirishani, kidole kwenye kitufe cha sauti. Nimemwonyesha ishara. Akasema anaijua, aliiona miaka kumi na moja.

Wa pili sasa. Kuna mtu anauliza kama Reddick atafika fainali. Dombeck anamwambia tule bata mzinga kwanza. Ana furaha leo. Sauti yake si ya mtu anayekula peke yake. Na mimi ndiye nitakayemkatizia.

Bahasha iko hapa. Sentensi nne na ile ya mwisho.

Chet kasogeza kiatu. Amesimama pale pawili palipolika. Hajui.

Dombeck anasema, na sasa, mabibi na mabwana, Mtaa wa Lagrange. Chet ananitazama. Nashusha kiganja, taratibu —