Mkopo wa Walio Mbali

Majengo, nyuma ya msikiti,
Nyeri.
21 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Yakubu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokusumbua kwa kukaa kwenye usukani wa basi kutwa umepata nafuu. Zubair, aliyekuja likizo kutoka huko kwenu Leicester, anatuambia sasa ni kiangazi na jua linachelewa kuzama. Hapa ni baridi ile ile ya Juni unayoijua, manyunyu asubuhi mpaka jioni, mlima hatujauona wiki nzima, na nguo nikizianua zina maji kama nilivyozianika. Sisi tu wazima. Mimi nimechoka tu, lakini kuchoka si ugonjwa.

Mama hajambo. Goti linamsumbua, na dawa ya presha hamezi mpaka agombezwe. Anakusalimu sana, na amekufungia bizari aliyoisaga kwa mkono wake, maana anasema pilau ya huko haina harufu. Bado anakutafutia mchumba, kwa hiyo usije ukashtuka.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu una haraka, mapumziko yako yanaisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Tena Mama huwa amekaa karibu anasikiliza. Zubair akirudi huko Jumapili ataikabidhi barua hii mkononi mwako. Isome ukiwa umekaa na umekula.

Jambo lenyewe ni nyumba ya Nanyuki.

Sitaki udhani sikuhangaika. Tangu uliponipa uwakili wa kushughulikia mkopo wako wa kuinunua, cherehani yangu imelala kuliko ilivyoshona. Wazazi wanakuja kuulizia sare za watoto, wanakuta mlango umefungwa, na binti yangu Ummi anawaambia mama ameenda benki. Ile hati ya uwakili uliyoigongesha muhuri ubalozini, hapa ilitakiwa isajiliwe upya kwenye ofisi ya ardhi, na kule kila dirisha linakutuma dirisha lingine. Mara barua ya kazi lazima itoke kwa mwajiri mwenyewe, si kwako. Mara taarifa za akaunti yako zimepitwa na wakati, na waliozichelewesha ni wao. Nimepiga foleni mpaka askari wa mlangoni ananiita shangazi.

Benki ya kwanza tuliiacha kwa ajili ya riba, unakumbuka, Mama alipokataa katakata kulala chini ya paa la riba. Siku hiyo nilimnung'unikia moyoni, maana ilikuwa ni kuanza mwanzo. Hii ya pili ina utaratibu wa Kiislamu: benki inanunua nyumba pamoja nawe, nawe unalinunua fungu lao polepole huku ukililipia kodi. Imamu aliusoma mkataba akasema hana neno. Nikashukuru, nikadhani tumevuka.

Nyumba nimeiona kwa macho yangu. Iko nje ya mji wa Nanyuki, ukishika barabara ya Doldol, na ni nzuri kweli, nisiwe mchoyo wa maneno. Ina vyumba vitatu, tangi kubwa la maji, na jiko lenye makabati mpaka darini. Aliyetutembeza alisema ukisimama jikoni unauona mlima wote, ingawa siku ile tuliona ukungu. Mama alikagua kila pembe, akauliza msikiti uko umbali gani. Kwenye chumba ulichosema kitakuwa chako alisimama peke yake kwa muda, akipapasa ukuta. Nilimsikia akisema, "Hapa ndipo atalala akirudi." Nilifurahi kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia.

Basi Jumanne benki wakatuita nikatie sahihi. Walitaka Mama naye aje kwa sababu ndiye atakayekaa humo. Anayetuhudumia ni kijana anayeitwa Mwaniki, mpole, wala simlaumu kwa lolote. Alimwagizia Mama chai, akatupitisha ukurasa kwa ukurasa. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Mama akamuuliza mwanawe atamaliza kulipa lini.

"Ni ya miaka twenty, mama," Mwaniki akasema. "Lakini usijali, kazi yake iko sawa kabisa."

"Na akitaka kurudi kabla?"

"Kurudi kutembea hakuna shida. Kurudi kabisa ndio ngumu kidogo. Hii mkopo ni ya watu wako nje, tunaangalia ile mshahara ya huko. Akirudi, hiyo mshahara si imeisha? Sasa itabidi tukae chini tuanze upya. Na akishindwa kulipa, nyumba inauzwa."

Mama akaweka kikombe mezani. "Mwanangu aliniambia ananunua nyumba ndio arudi," akasema. Mwaniki alinitazama mimi, nami nikaitazama ile karatasi.

Yakubu, ulijua? Hilo ndilo linalonitafuna tangu Jumanne. Kama hukujua, basi uliharakisha, na hilo nakusamehe. Kama ulijua ukanyamaza, nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika. Miaka ishirini ikiisha utakuwa umepita sitini. Mama atakuwa karibu na mia. Mungu ampe umri, lakini mimi na wewe tusidanganyane.

Tulipotoka nje Mama alisimama chini ya kibaraza cha benki kujikinga na manyunyu. Akaniambia, "Watu wa jirani yetu Wamae walimngoja kijana wao wa Amerika wiki mbili, mamake akiwa mochari. Sisi hatungojani, Mwanaisha. Nikifa asubuhi, alasiri nimezikwa. Yakubu atanikuta wapi?"

Nilimkumbuka Baba. Wewe ulikuwa zamu siku ile, na ulipoona simu zetu sisi tulikuwa tumeshatoka makaburini. Tukarudi kukuonyesha udongo kwenye simu. Sijawahi kukwambia kilichotokea ulipokata. Mama aliendelea kuishika ile simu iliyozimika, akisema hujaaga, hujaaga, mpaka nikamfungua vidole. Nililia zaidi kwa hilo kuliko nilivyolia kwenye mazishi yenyewe.

Amenikataza nisikuandikie haya. Anasema umefanya kazi sana, utavunjika moyo, na kama wewe umeridhika na nyumba, yeye yuko tayari kuhamia. Ndivyo alivyo, unamjua. Atahamia Nanyuki akiwa anatabasamu, afagie chumba chako kila siku, na wageni akiwaonyesha atasema ni cha mwanangu.

Sikutia sahihi. Nilimwomba Mwaniki radhi, nikafunga mkoba, nikaondoka na karatasi zote. Mwenye nyumba anasema ile pesa uliyoweka ya kushika nafasi atairudisha akikata kidogo, ila tusikawie.

Najua unachoogopa. Unaogopa kurudi mikono mitupu, watu wa Majengo wakuone, na midomo yao unaijua. Sitakupamba kwa maneno: kazi hapa ni shida, vijana wenye digrii wanaendesha bodaboda. Lakini wewe ni dereva mwenye ujuzi, na akiba uliyoitenga kwa malipo ya mwanzo ni yako, haidaiwi na mtu. Inaweza kununua gari la kazi, au kuongeza vyumba viwili hapa uani. Halitakuwa jumba, na kabati halitafika darini. Mikono yako ina nini, hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza.

Ukiendelea kuutaka mkopo, sitagombana nawe. Tafuta wakili mwingine, nitamkabidhi kila karatasi, na nitaenda kumsaidia Mama kufunga mizigo. Mimi ni dada yako mkubwa, nimekufanyia mengi na nitakufanyia mengine, lakini mkono wangu hautakutilia sahihi ya kubaki huko mpaka Mama azikwe. Hilo limenishinda.

Nisalimie Waswahili wote wa msikiti wenu, na yule mama wa Mombasa anayekupikia futari mwambie tunamwombea. Ummi anakusalimu na anasema usisahau viatu ulivyomuahidi. Mzee Wamae jirani naye anakusalimu, goti lake na la Mama sasa ndiyo mazungumzo yao. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akupe afya, na akufungulie njia yenye heri.

La mwisho, halafu nikalale. Miezi yote hii, kila nilipoingia nikitoka benki, Mama hakuniuliza nyumba imefikia wapi. Aliniuliza, "Yakubu amesema anarudi lini?" Kila mara, kabla sijavua viatu. Tangu Jumanne hajauliza. Nimeingia, nimevua viatu, nimekaa, naye anachambua mchele wake kimya. Mpigie umjibu, Yakubu, hata kama jibu ni baya, kabla hajazoea kutokuuliza.

Dada yako anayekupenda hata akichoka,

Mwanaisha