Wali wa Mzee Dionisi Hauna Sukari

Agnella, nimetoka kliniki ya kisukari na baba mkwe sasa hivi. Aibu niliyoipata!

Mzee Dionisi kajisifu foleni nzima. Eti miezi mitatu hajalamba sukari, hata soda anaiangalia tu kama picha ya marehemu. Nesi akampongeza, halafu akamtoboa kidole. Sukari ishirini na mbili! Ya mtu mwenye afya haifiki nane.

ISHIRINI NA MBILI, Agnella!!

Nesi akamuuliza: "Baba, leo umekula nini?"

Mzee akajibu kwa madaha: "Vitumbua sita. Mchana nitakula wali, jioni wali. Ila mpunga ni wangu wa Idete, nimelima mwenyewe. Hakuna sukari niliyotia."

Watu wakacheka. Nesi hakucheka. Akasema wali hata uwe wa shamba lako, ukifika tumboni unageuka sukari. Apunguze wali, aongeze mboga.

Mzee akafura: "Nilime mpunga halafu nile majani kama mbuzi?"

Mimi nacheka mpaka machozi. Nesi akanigeukia: "Na wewe mpishi, unakula nini?"

"Hicho hicho."

"Lete kidole."

Kumi na sita.

Mzee ndiye anacheka sasa.