Ulipokuwa Ukiniuliza Kama Nimeshiba

Mama yangu wa Murangi,

Jumamosi tulikuja kulijengea kaburi lako. Nilisimama pembeni nikiwa na mwili usioujua, nikajikuta naona aibu, nikidhani ungeniuliza mimi ni mgeni wa nani. Kaka Magesa alikuja na mafundi kutoka Bunda, zege likamwagwa, mchungaji akaomba, kisha tukaitwa kula. Ni hapo kwenye kula ndipo yaliponikuta maneno ambayo sijayameza mpaka leo. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye yanayokuhusu, na kwa sababu, kusema kweli, sina mwingine wa kumwandikia.

Lakini nianze na jiko letu. Watoto saba, sinia moja ya ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, bakuli moja la furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Kaka zangu walikula utadhani wanafukuzwa. Walifuta mikono kwenye kaptura, hao, wameshaenda kwenye ng'ombe. Dada nao waliondoka na vyombo kwenda kuviosha ziwani. Nilibaki mimi, kitinda mimba, na vidole vyangu vimejaa mafuta. Ndipo ulipokuja na kile kigoda chako chenye mguu uliopasuka, ukaketi mbele yangu, ukauliza, "Umeshiba?"

Nikajibu, "Bado."

Ulicheka kila mara, kana kwamba hujawahi kulisikia jibu hilo. Ulikwangua sufuria, ukanipa ukoko na tonge la mwisho, ukakaa ukinitazama mpaka nimalize. Ulinisimulia habari za ng'ombe wa kwenu Kiriba aliyekuwa na pembe moja na aliyekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa wewe. Nilipokuuliza mbona wewe huli, ulisema ulishaonja wakati wa kupika. Miaka yote ile nilidhani kuonja ni chakula kamili.

Basi nikanenepa, nawe ukajivunia. Tulipokwenda harusini Butiama ulinivuta mkono ukanizungusha mbele ya mawifi zako, ukawaambia huyu ndiye kitinda wangu, mtazameni vizuri, kwetu hakuna njaa. Nami nilizunguka. Hata nilipohamia Musoma mjini na kufungua chumba changu cha ushonaji, kila nilipokuja nyumbani ulinipima kwa macho kabla hujanisalimia. Nikipungua kidogo uliuliza nani ananinyima chakula huko mjini. Ulipofariki nilishona gauni langu la msiba mwenyewe, na kitambaa nilichokitenga hakikutosha, ikabidi niunge ubavuni. Hakuna aliyeona, maana mimi ni fundi, lakini mimi niliona.

Baada yako nilikula sana, mama. Sikuwa na njaa. Nilirudi chumbani, nikasonga ugali wa watu watatu, nikakaa nao. Magoti yakaanza kuniuma, kisha sukari ikapanda, kisha presha, ile ile iliyokuchukua wewe uliyekuwa mwembamba kama mwiko. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kuna upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, mbali na huku. Nilikaa na ile barua miezi kadhaa, nimeiweka chini ya cherehani. Sikumwambia mtu. Nilijua watasema nini, na nilijua wewe ungesema nini, hilo ndilo lililonichelewesha zaidi.

Wiki mbili kabla ya upasuaji sikutakiwa kula chakula kigumu. Supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, maji, basi. Wanasema ini linatakiwa lipungue ili wapate njia ya kupita. Nilishona sare za kwaya huku jirani wa chumba cha pili anakaanga sato, nikavumilia. Jambo lililonishinda ni dogo kuliko hilo. Siku ya kulazwa walinipa fomu, na kwenye mstari wa ndugu wa karibu mkono wangu ukaandika jina lako wenyewe. Muuguzi akaniuliza namba yako ya simu, nami nikaanza kumtajia. Nilifika tarakimu ya nne ndipo nikakumbuka.

"Hapokei," nikamwambia.

Alinitazama, akanirudishia fomu bila kuuliza zaidi. Nikakukata kwa mstari mmoja, nikamwandika Magesa, ambaye alikuwa Bunda na hakuwa na habari yoyote. Ilibidi nimpigie palepale. Akaniuliza kama nisingeweza tu kupunguza kula. Sikumkasirikia. Hata mimi nilijiuliza swali hilo kwa miaka kumi, na ningekuwa na jibu nisingekuwa pale na gauni la wodini lisilofunga mgongoni.

Nilipozinduka nilikuwa na matundu matano madogo tumboni na kiu ambayo sijawahi kuiona. Walinipa maji kwa kifuniko cha chupa. Jioni ile ile wakaniamsha nitembee, nikashika ukuta na kuhesabu milango ya wodi. Saa ya kuona wagonjwa, kitanda cha jirani kilikuwa na mama mtu aliyekuja na chupa ya uji, akampepea binti yake na kumkemea kwa sababu hakuvaa soksi. Nikageukia dirishani. Mama, nililia kwa sababu ya soksi. Nilitamani mtu anikemee.

Kurudi kwangu Musoma kulikuwa kwa taratibu. Wiki za supu, wiki za uji mwepesi, wiki za vyakula vilivyopondwa, vijiko vichache kwa wakati. Wiki ya tano nilikukumbuka kupita kiasi, nikafanya ujinga. Nilisonga ugali wa muhogo, kidogo tu, nikakata tonge moja kama lile ulilokuwa ukinipa mwisho, nikalimeza bila kulitafuna, maana kwetu nani anatafuna ugali? Lilisimama kifuani. Nilikaa sakafuni mkono ukiwa kifuani, nikitoka jasho, mpaka likarudi lilikotoka. Kesho yake nilimpigia mtaalamu wa lishe. Hakunigombeza. Aliniambia nipige simu mapema likitokea tena, na kwamba sasa lazima nijifunze jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui: kutambua nimeshiba, na kuacha hapo hapo.

Nguo zangu nazibana mwenyewe kila baada ya wiki chache. Sukari imeshuka, ngazi za kanisani napanda bila kusimama. Nywele zilikatika, wakaniambia zitarudi. Sokoni wanapunguza sauti ninapopita, wakidhani nimekonda kwa ugonjwa, wengine wamenizika tayari, na mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, akasema ana haraka. Kile kitenge alikuwa ameniachia tangu mwaka jana.

Sasa Jumamosi. Mama mdogo Nyangeta, mdogo wako, alinipakulia mwenyewe. Alijaza sahani kama ulivyokuwa ukijaza, ugali na samaki, akasimama kunisubiri. Nilikula vijiko vitatu, nikatafuna sana, nikaweka sahani chini. Akaniuliza, "Mbona hulagi siku hizi, unaumwa nini?" Nikaona nisimdanganye penye kaburi lako. Nikamweleza yote, matundu, hospitali, sehemu ya tumbo iliyotolewa. Yeye akaichukua ile sahani, akaishika kwa mikono miwili.

"Dada alikulishaga kwa mkono wake," akasema. "Mwili aliokupa, wewe umeukata ukautupa hospitali."

Magesa alikohoa, akaanza kuuliza mafundi kama saruji imebaki. Nilitoka nikaenda kwenye jiko letu la zamani, na humo, kwenye kona ya kuni, nikakikuta kigoda chako. Nimekuja nacho Musoma, Magesa alikifunga nyuma ya pikipiki mpaka kituoni bila kuniuliza ni cha nini. Nadhani hiyo ndiyo namna yake ya kusema pole.

Tangu siku hiyo maneno ya mama mdogo yananitafuna. Je, nimekukataa? Nimekitupa ulichonipa? Naogopa usije ukadhani hivyo huko uliko, kwa hiyo nikwambie jambo ambalo sikukwambia ulipokuwa hai.

Siku moja, nilikuwa na miaka mitano au sita, uliniuliza kama nimeshiba, nami nikajibu ukweli, nikasema ndiyo. Ukasema, "Haya." Ukainuka, ukachukua jembe, ukaenda. Sikukuona tena mpaka jua linazama. Watoto saba, shamba, kuni, maji, baba mgonjwa, ungekaa saa ngapi? Kesho yake ukaniuliza tena, nami nikajibu bado. Ukakaa.

Nilikuwa nimeshiba, mama. Siku zote zile nilikuwa nimeshiba. Tonge la mwisho sikulitaka, nilikutaka wewe kwenye kigoda. Na ulipoondoka kabisa niliendelea kusema bado, nikala ugali wa watu watatu chumbani peke yangu, nikingoja mtu aje kuketi. Hicho ndicho nilichokiacha hospitali. Chako sijatupa hata kimoja.

Wameniambia kila mlo nitumie nusu saa, hata kama ni vijiko vitano. Niweke kijiko chini, nitafune, nisubiri. Nusu saa ni ndefu kwa mtu aliye peke yake. Leo mchana nimefunga cherehani, nimeweka bakuli langu dogo mezani, na kigoda chako nimekiweka mbele yangu, ule mguu uliopasuka nimeufunga kwa kamba. Nimekula furu wa kupondwa, taratibu. Nilipofika kijiko cha tano nikakusikia unauliza.

Nimeshiba, mama. Usiinuke bado.

Mwanao,
kitinda mimba wako