Mzizi Wangu na Vidole vya Mkwe Wangu

Jumatano. Ukungu umelala hapa kijijini Mnyambe tangu alfajiri, hata mikorosho ya jirani siioni. Mie niko barazani nabonyeza simu kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la pili, lakini kuandika naandika, anayetaka kusoma asome.

Leo sina raha.

Mkwe wangu Fatu, mke wa mwanangu mkubwa, ana maradhi ya viungo. Vidole vinavimba, asubuhi havikunjiki. Mwaka jana nilimchimbia mzizi. Jina lake silitaji, niliachiwa na marehemu baba. Akanywa. Haukupita muda akashika mimba, na mikono ikapona. Akawa anabangua korosho kuwashinda wanawake wote wa hapa.

Sasa mie nani ninyamaze? Nilitangaza msikitini, nikatangaza kwenye kahawa, nikatangaza mpaka Newala mnadani. Jirani yangu Mzee Hamisi akanitania, "Wewe sasa utafufua na wafu." Nikamwambia alete hilo goti lake bovu.

Fatu akajifungua salama, mtoto wa kiume. Kapewa jina langu, na sura ni yangu. Haijatimia miezi miwili, vidole vikavimba tena, kuliko mwanzo. Nikazidisha mzizi. Wapi.

Jana tukampeleka hospitali Masasi. Daktari ni binti mdogo tu. Aliniamkia vizuri, akanieleza taratibu. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Wa Fatu wamekosea, wanapiga viungo vyake mwenyewe. Mimba ikiingia, mtoto nusu ni damu ya baba, kwa mama ni kama mgeni. Basi mwili unawatuliza askari wasije wakamdhuru. Ndiyo maana baadhi ya wenye maradhi haya hupata nafuu wakiwa wajawazito. Mgeni akishatoka, askari wanaamka.

"Babu, ile nafuu ilikuwa ya mimba."

Nikabisha. Nikamwambia, binti yangu, mie nimetibu watu kabla mama yako hajazaliwa. Akasema, "Sawa babu, ila mzizi basi. Ananyonyesha huyu." Akampa vidonge, turudi baada ya wiki mbili.



Leo asubuhi Fatu alimlaza mtoto jamvini, akashindwa kumwinua. Mtoto analia, mama anahangaika naye kwa viwiko. Mie ni baba mkwe, ni mwiko kumsogelea kifuani au kumshika mkono. Nilisimama kama gogo mpaka mke wangu akatoka jikoni, akamwinua mtoto, akamweka kwenye ziwa la mama yake.

Kisha Fatu akaniuliza kwa adabu, macho chini, "Baba, ile dawa yako haijabaki hata kidogo?"

Imebaki. Iko nyuma ya mlango, nimeikausha mwenyewe. Nikamjibu nitaangalia.

Anaiamini kwa sababu ya mdomo wangu.

Kesho, akishaniamkia tu, nitamwambia haikuwa dawa yangu iliyomponya. Maneno hayo sijawahi kumwambia mtu, wala sijui huwa yanaanzia wapi.